Bandari ya Kisumu: Tuulizwe Kabla, Tusiarifiwe Baadaye

Bandari ya Kisumu haiko Kombewa, na hakuna mtu wa Seme aliyewahi kudai kwamba ni yetu peke yetu. Hata hivyo, kila meli itokayo gatini kwenda Port Bell au Mwanza haina njia nyingine ila kuifuata Ghuba ya Winam kuelekea magharibi, kuupita ufuo wetu wa Seme na ule wa jirani zetu wa Asembo, mpaka mlango mwembamba wa Rusinga, ndipo ifike kwenye ziwa kuu. Mafuta yakimwagika gatini, upepo hauulizi mpaka wa wadi. Tope likichimbuliwa karibu na mji, maji yaliyotibuka ni ya ghuba ile ile ambamo akina mama wa Asat na Kaloka hutumbukiza ndoo zao. Ndiyo sababu jarida hili, ambalo kazi yake ni mageuzi ya kisiasa, leo linatoa ukurasa wake wa kwanza kwa mambo ya meli, matope na nyavu.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili asitokee mtu wa kutupakazia kwamba tunapinga maendeleo. Bandari tunaitaka. Tunaitaka kubwa, yenye kazi usiku na mchana, inayoajiri vijana wetu na kununua mazao yetu. Tunachokikataa ni tabia ya kuamua kwanza na kuwaita wananchi baadaye ili wapige makofi. Tabia hiyo tunaifahamu vizuri. Ilikuwa ndiyo tabia ya utawala wa chama kimoja, wakati baraza la chifu lilikuwa mahali pa kuambiwa, si mahali pa kuulizwa. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa mnamo Desemba 1991. Tabia haikufutwa pamoja nacho; ilihama kutoka makao makuu ya chama ikaingia katika ofisi za wahandisi na wakurugenzi.

Ni vyema vijana wetu wajue kwamba bandari hii si zawadi ya juzi. Meli ya kwanza ya mvuke iliyoundwa hapa, William Mackinnon, iliteremshwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika, na vipande vyake vilikuwa vimebebwa kutoka pwani na misafara ya wapagazi. Reli yenyewe ilifika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali ambapo wakoloni walipaita Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi. Wapagazi hawakupewa hata jina la kichochoro. Kuanzia hapo Kisumu ikawa lango la Uganda na la upande wote wa kaskazini wa Tanganyika, na katika miaka ya 1960 zikaja meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, ambazo ziliweza kulichukua behewa zima kutoka relini na kulishusha relini ng'ambo ya pili bila gunia moja kufunguliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya wanandoa waliotengana: Victoria na Umoja zikaenda Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya na haikuufungua hadi mwaka 1983. Hakuna mvuvi, mpakizi wa mizigo wala muuza samaki wa Nyanza aliyeulizwa kama Jumuiya ivunjwe. Wao ndio waliolipa.

Wala tusisahau Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ule uliosema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, njia za uchukuzi na watu walio tayari kwa maendeleo, ili faida yake iwafikie wengine baadaye. Kwa kipimo hicho chenyewe, mji wenye reli, bandari, mvua na shule nyingi za misheni ungestahili kuwa wa mbele kabisa. Haukuwa. Tuliosoma sheria tulifundishwa kwamba kanuni nzuri mkononi mwa mtu asiyewajibika ni karatasi tu. Nyanza ilijifunza somo hilo bila kwenda chuo kikuu.

Kisha ziwa lenyewe likatusaliti, au tuseme ukweli, tulilisaliti nalo likatujibu. Magugu maji yalionekana katika sehemu yetu ya ziwa karibu na mwaka 1990, na ilipofika mwaka 1998 yalikuwa yamefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Meli zilishindwa kufika gatini, mitumbwi ikakwama, mbu na konokono wakapata makao. Magugu hayo hustawi kwa mbolea inayosombwa kutoka mashambani na kwa maji taka ya miji. Yaani yalilishwa na sisi sote, wa mjini na wa shambani. Wadudu waliotolewa kuyala tangu mwaka 1997, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya mvua za El Niño, waliyapunguza sana kufikia mwisho wa muongo huo. Yamerudi mara kwa mara tangu wakati huo, kwa sababu chakula chake hakijaondolewa. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mazingira ni hobi ya wazungu na watalii. Bandari ya Kisumu ilikwisha kufungwa mara moja na jani lielealo.

Mwaka 2005, baada ya meli ya Uganda, Kabalega, kuzama kufuatia kugongana na mwenzake Kaawa, hata usafiri wa mabehewa uliokuwa umebaki ukafifia, na Uhuru yetu ikakaa kwa miaka mingi ikiliwa na kutu. Mabadiliko yalikuja baada ya tarehe 9 Machi 2018, siku ambayo Rais Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga walipeana mikono mbele ya Jumba la Harambee. Ghafla fedha zikapatikana. Bandari ikakarabatiwa kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu shilingi bilioni 3. Uhuru ikarudi kazini mwishoni mwa mwaka 2019 ikipeleka mafuta Uganda. Reli ya zamani ya kilomita 217 kutoka Nakuru ikafufuliwa, na kiwanda cha meli kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Tulifurahi, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini tuliuliza wakati ule, na tunauliza tena: ikiwa bandari inaweza kulala miaka mingi kwa sababu wakubwa wamekosana, na kuamka kwa sababu wamepatana, je, hiyo ni bandari ya umma au ni bakshishi? Maendeleo yanayotegemea salamu hayana mizizi. Hata gati la mafuta la Kisumu, lililokamilika mwaka 2018, lilikaa miaka kadhaa bila kazi kwa kuwa bohari ya upande wa Uganda haikuwa tayari kuyapokea mafuta. Swali moja rahisi la mwenyeji, "Mtayashushia wapi?", kama lingeulizwa hadharani mapema, lingewaokolea walipa kodi aibu hiyo.

Tuje sasa kwenye jambo lililotuuma zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2019, vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ambavyo kila mgeni wa Kisumu alivijua, vilibomolewa kuipisha bandari. Hatudai kwamba Lwang'ni palikuwa pasafi. Mafuta ya kukaangia na povu la magari yaliyooshwa ukingoni vilikuwa vikiingia ziwani mchana kweupe, na tulilikemea jambo hilo kila tulipokwenda pale kula. Lakini uchafu huondolewa kwa mifereji, kwa leseni na kwa faini. Mama aliyesomesha watoto kwa ngege wa kukaanga hapaswi kugundua kwa sauti ya tingatinga kwamba nchi yake ina mpango mkuu wa bandari.

Usiku wa Februari 2021 ukawa mbaya zaidi. Kwa ajili ya reli ile ile inayoilisha bandari, nyumba za jamii ya Wanubi huko Kibos zilibomolewa, na watu wapatao 3,500 wakaachwa nje katikati ya janga la Korona. Shirika la Reli lilisema ardhi ni yake. Wanubi walisema wameishi hapo tangu enzi za mkoloni. Nani mwenye haki ya kumiliki ni suala la mahakama, na sisi hatulihukumu hapa. Namna ya kuwaondoa watu si suala lenye utata hata kidogo. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu katika ardhi ya umma, ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali na katika gazeti linalosambazwa nchini kote, na itangazwe redioni, hata kwa lugha ya mahali panapofaa. Na tarehe 11 Januari mwaka ule ule, wiki nne kabla ya Kibos, Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu kijiji kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Mahakama ilisema kwamba hata watu wasio na hati, wakiwa wamekaa katika ardhi ya umma, wana haki ya makazi ambayo korti inapaswa kuilinda. Wino wa hukumu hiyo ulikuwa haujakauka.

Wasomaji wetu wa makanisani watakumbuka kisa cha Nabothi wa Yezreeli na shamba lake la mizabibu. Mara nyingi kinahubiriwa kama kisa cha tamaa ya mfalme, na ni sawa. Sisi mawakili hukisoma kwa jicho jingine. Ahabu alianza vizuri: alikwenda mwenyewe kwa mwenye shamba, akaeleza anachokitaka, akaahidi shamba jingine au thamani yake kwa fedha. Kwa kipimo cha leo tungesema alifanya ushauriano na akatoa ahadi ya fidia. Kosa lilianza alipojibiwa hapana. Ndipo zikaandikwa barua zenye muhuri, wakaitwa wazee wa mji, wakatafutwa mashahidi wawili kama sheria ilivyotaka, na Nabothi akahukumiwa kwa utaratibu uliokamilika. Kila karatasi ilikuwa mahali pake. Haki peke yake ndiyo iliyokosekana. Tunapoonyeshwa orodha ya sahihi za "waliohudhuria mkutano wa maoni", nyingine zikiwa zimetiwa ili kupokea soda na nauli, tuwakumbuke wazee wale wa Yezreeli.

Marehemu Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Maseno Kusini alitambua mapema kwamba mambo haya hayatenganiki. Aliposimama mwaka 1990 kudai vyama vingi na ukomo wa vipindi vya urais, wapo waliomwambia arudi madhabahuni aachane na siasa. Hoja yake iliyomwongoza ilikuwa nyepesi kueleweka: mwanadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu hawezi kutawaliwa kama mzigo unaopakiwa na kupakuliwa. Sasa tunaongeza kwamba hawezi pia kuendelezwa kama mzigo.

Na hapa Kombewa tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba kuuliza kunawezekana, tena katika jambo gumu kuliko gati. Kuanzia mwaka 2009, Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, chini ya KEMRI na washirika wake Waamerika wa Walter Reed. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika nchi hizo. Masharti ya utafiti wa namna hiyo yanajulikana duniani kote. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, atajiwe faida na hatari, aambiwe waziwazi kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa matibabu, na kwamba hata akikubali leo anaweza kumtoa mtoto wake kesho. Asiyejua kusoma awe na shahidi asiye na upande. Yote hayo kwa ajili ya sindano ya mtoto mmoja mmoja. Akina mama wa Seme walikaa, wakasikiliza, wakauliza maswali, na walio wengi wakakubali. Sayansi haikukwama kwa kuwauliza. Mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Ikiwa sindano kwenye paja la mtoto mmoja ilihitaji ridhaa ya mamake kwa Kijaluo, ni hoja gani itakayotushawishi kwamba ghuba nzima inaweza kuchimbwa, kujazwa mawe na kupitishiwa mafuta kwa tangazo la Kiingereza katika ukurasa wa ndani wa gazeti ambalo halifiki Kombewa?

Ghuba hii si bahari. Ina kilomita za mraba zipatazo 1,400, ni ya kina kifupi, na inapumua kupitia mlango wa Rusinga. Katika miaka ya 1980 wahandisi waliuziba mlango mdogo kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga kwa tuta la mawe na udongo, ili magari yapite. Barabara ilipatikana, lakini maji yakazuiwa kuzunguka, na wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi kabla daraja halijajengwa na kufunguliwa mwaka 2017 ili maji yapite tena. Zaidi ya miaka 30 kurekebisha jambo ambalo mzee yeyote wa Mbita angelisema kwa nusu saa chini ya mti! Hatusemi kwamba mvuvi anajua yote. Anajua mkondo unapita wapi, samaki wanataga wapi na upepo wa alasiri unapeleka taka upande gani, na elimu hiyo haimo katika ramani za mshauri aliyekuja kwa ndege asubuhi akaondoka jioni.

Tope la chini ya gati limekusanya kwa zaidi ya miaka 100 kila kilichodondoka kutoka melini, relini na mjini. Likichimbuliwa lazima litupwe mahali fulani. Mahali gani? Nani aliyelipima? Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba katika ghuba hii, wakiwamo jirani zetu wa Ogal, walipata hasara kubwa samaki walipokufa kwa wingi kwa upungufu wa hewa ya oksijeni majini. Hatuihusishi bandari na vifo hivyo. Tunachosema ni kwamba ghuba yenye pumzi kidogo kiasi hicho haifai kuchezewa. Na mwaka 2020 ziwa lilipanda likaivuka hata alama ya mwaka 1964 tuliyozoea kuitumia kama kipimo cha mafuriko. Mabanda ya samaki na nyumba za ufuoni zikaingia majini. Mpango wowote wa gati au barabara ya ufuoni unaochukulia kwamba ukingo wa ziwa uko palepale ni mpango wa kwenye karatasi.

Pia kuna suala la nyavu. Wavuvi wetu wa omena hufanya kazi usiku kwa taa, na wengine huacha nyavu zikielea hadi alfajiri. Meli kubwa haisimami ghafla, na nahodha haoni kibuyu kinachoelea gizani. Meli zikiongezeka, njia yao haina budi kuwekewa alama, kutangazwa kila ufuo, na kuwe na utaratibu wa kumlipa aliyekatiwa nyavu nje ya njia hiyo. Wanaosema wavuvi hawajui nidhamu wakumbuke kwamba omena ina msimu wake wa kufungwa, kuanzia Aprili hadi Julai, na nyumba nyingi za ufuoni zimelala na njaa katika miezi hiyo ili samaki wazaliane. Ni wizara ngapi zilizowahi kujifunga mkanda hivyo kwa ajili ya ziwa? Tena chini ya kanuni za mwaka 2007 kila ufuo uliwekewa kikundi cha usimamizi, BMU, chenye viongozi wa kuchaguliwa. Anayetaka kuwauliza wananchi hana haja ya kuunda kamati mpya ya marafiki zake.

Kuhusu ukataji wa mafunjo na nyavu za macho madogo zinazofichwa chini ya vitanda, tutaandika siku nyingine, na hatutawabembeleza watu wetu.

Katiba ya mwaka 2010 iko upande wetu, lakini Katiba haiendi kortini peke yake. Ibara ya 10 inaufanya ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 62 inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, na ibara ya 69 inaitaka serikali igawe kwa usawa faida ya maliasili na kuhimiza wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira. Mnamo Novemba 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba ushiriki huo uwe wa kweli, si wa kujionyesha. Wananchi waelezwe jambo lenyewe ni lipi na wapewe nafasi ya haki ya kuathiri uamuzi. Na kwa wanaodhani hii ni ndoto ya mawakili, watazame Lamu. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba bandari mpya ya huko ilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo na bila kuwapa habari walizostahili, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Bandari haikufa kwa hukumu hiyo. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kilichothibitishwa ni kwamba mvuvi naye ni mwenye mali.

Hata hivyo tuwaonye wanaharakati wetu juu ya mlango wa kuingilia. Wakazi wa Kibos walioshtaki kuhusu uchafuzi wa viwanda vya huko walishinda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Kisumu mnamo Julai 2019, leseni zikafutwa. Mwaka uliofuata walishindwa katika Mahakama ya Rufani, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: suala la leseni lilipaswa kuanzia katika vyombo maalumu vilivyowekwa na sheria ya mazingira. Miaka ya jasho iliishia katika hoja ya mamlaka. Hukumu nyingine ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2023 imeupanua tena mlango kwa anayedai haki yake ya kikatiba ya mazingira, lakini anayepinga leseni ya mazingira bado anatakiwa kwenda kwanza katika Baraza la Rufani la Mazingira, na sheria inampa siku 60. Siku 60 si nyingi kwa kijiji kinachopata habari za leseni tingatinga likishafika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata habari, na kazi hiyo haihitaji wakili wala fedha.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua inaweza kuwa ya ukurasa mmoja. Tunapendekeza kila kikundi cha ufuo katika Seme, kikisaidiwa na makatibu wa parokia zetu, kiandike barua kama hiyo kwa Shirika la Reli, kwa Halmashauri ya Bandari na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Iombwe nakala ya ripoti ya tathmini ya athari kwa kila kazi ya kuchimba tope tangu mwaka 2019, pamoja na ramani ya mahali tope lilipotupwa. Uombwe mpango wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta, na jina la afisa anayepigiwa simu usiku. Iulizwe njia ya meli inapita umbali gani kutoka ufuo, vijana wangapi wa wilaya za ziwani wameajiriwa kwa mikataba ya kudumu na wangapi kwa kibarua cha siku, na ni ufuo gani uliotengwa kwa ajili ya upanuzi wa miaka ijayo. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, maana Lwang'ni nako kulikuwa ufuo tu hadi kulipotiwa alama kwenye ramani.

Kiwanda cha meli kiandikiwe pia, ingawa kiko chini ya Wizara ya Ulinzi. Huenda tukajibiwa kwamba ni siri ya usalama. Sheria inaruhusu siri kama hizo kwa kiasi, lakini mahali pa kumwaga mafuta machafu ya meli si siri ya vita, na jibu la kukataa likija kwa maandishi linaweza kupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala likachunguzwa upya. Kukaa kimya kupita siku 21 nako kunahesabiwa kuwa ni kukataa.

Barua ziandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, ziwe na tarehe, jina na anwani ya mwandikaji, na habari inayotakiwa itajwe waziwazi. Zipelekwe kwa mkono inapowezekana, na watu wawili. Siku 21 huhesabiwa kuanzia siku ya kupokelewa. Kwa hiyo anayeipeleka asiondoke mapokezi bila nakala yake kupigwa muhuri wenye tarehe.